DADA YANGU, PUMZIKO SI UVIVU. ALIYESEMA NI UVIVU ALIKUWA FARAO



Ujumbe wa leo hautafurahisha kila mtu. Wengine mtanikasirikia, na najua wachungaji wenzangu wawili watatu watanipigia simu kabla ya jioni. Wapige tu. Jambo hili limekaa kifuani mwangu miezi mingi, na nisipolisema nitabaki kuwa mchungaji wa kondoo waliochoka, ambaye kazi yake ni kuwachapa watembee haraka.

Kuna fundisho linalozunguka makanisani mwetu na kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Linasema mwanamke aliyeokoka halali mchana. Linasema mama wa Mungu hakai bure, na ukimkuta ameketi ujue adui ameshampata. Na kila likifundishwa, andiko ni lile lile, Mithali 31, yule mwanamke anayeamka usiku na asiyejua uvivu.

Mimi nasema fundisho hilo si la Biblia. Na nalisema nikiwa mtu aliyelihubiri miaka mingi, kwa sauti kubwa, na watu wakasema amina.

Acha niwaambie lililonibadilisha. Mama mwenyewe ameniruhusu nilisimulie, mradi nisitaje jina.

Ilikuwa Jumapili ya Siku ya Akina Mama. Nilikuwa nahubiri hiyo hiyo Mithali 31, na moto ulikuwa umewaka. Safu ya tatu, upande wa dirisha, mama mmoja alikuwa amelala. Hakuwa anasinzia tu, alikuwa amelala kabisa, kichwa kimeangukia bega la jirani. Nikasimamisha mahubiri. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba wengine wamekuja kulala mbele za Bwana siku ya kusherehekewa kwao, na kwamba huyo ndiye mwanamke ambaye Mithali haimzungumzii. Kanisa likacheka. Jirani akamwamsha. Akaketi wima mpaka mwisho wa ibada, macho chini.

Jumapili tatu zilipita bila kumwona. Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba, twende kwake." Tukaenda jioni, tukamkuta anachambua sukuma wiki kwenye beseni. Alitupokea vizuri, akataka kutupikia chai, mke wangu akakataa na kuipika mwenyewe. Ndipo akatuambia siku yake inavyokwenda. Anaamka saa tisa usiku, anapanda matatu ya kwanza kwenda soko la Wakulima, pale Marikiti, kununua mboga kabla madalali hawajapandisha bei. Saa kumi na mbili amerudi, anaandaa watoto wa shule. Anafungua kibanda mpaka saa tatu usiku. Halafu anapika, anaosha, anakagua daftari za watoto. Jumamosi ni zamu yake ya kufagia kanisa. Ile Jumapili niliyomwaibisha, alikuwa ametoka kesha letu la Ijumaa, akauza Jumamosi mchana kutwa, na usiku akakaanga mandazi ya chai ya kanisa. Mandazi niliyokula mimi.

Kisha akasema neno ambalo sitalisahau. "Pasta, sikulala kwa dharau. Ni kwamba hapo kanisani ndipo mahali pekee ninapoketi."

Nilimwomba msamaha palepale, na Jumapili iliyofuata nikauomba mbele ya kanisa, maana niliyemwaibisha hadharani sikuweza kumwomba msamaha sirini. Lakini msamaha peke yake haukutosha. Ilinibidi nirudi kwenye Neno nijiulize nimekuwa nikihubiri nini.

Jambo la kwanza nililolikuta ni Matendo 20. Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, na kijana aitwaye Eutiko, aliyekuwa ameketi dirishani, akalemewa na usingizi, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kama kuna mtu aliyelala kwenye mahubiri ya maana, ni yeye. Paulo alifanya nini? Alishuka chini, akamkumbatia. Hakuna karipio hata moja katika habari ile. Mtume alishuka kwa aliyelala. Mimi nilibaki juu na kipaza sauti.

Jambo la pili lilinitisha zaidi. Nilitafuta ni nani katika kitabu cha Kutoka anayewaita watu waliochoka wavivu. Fungua sura ya 5 usome taratibu. Musa na Haruni wanaomba watu wapewe siku tatu wakamtolee Bwana dhabihu jangwani. Farao anajibu kwamba hawa ni wavivu, ndiyo maana wanalia watoke. Analisema katika mstari wa 8, analirudia katika mstari wa 17. Tena katika mstari wa 5 anamlaumu Musa kwa kuwapumzisha watu wasibebe mizigo yao. Pale chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba neno la Kiebrania alilotumia hapo lina shina moja na neno Sabato. Kosa la Musa machoni pa Farao lilikuwa kuwapa watumwa Sabato.

Na adhabu ilikuwa nini? Majani yanaondolewa, wakayatafute wenyewe, lakini hesabu ya matofali ibaki ile ile.

Akina mama, mnaitambua hesabu hiyo? Bei ya mafuta ya kupikia imepanda, lakini chakula kiwe mezani kama zamani. Umejifungua, lakini zamu yako ya kanisa iko pale pale. Mama mkwe ni mgonjwa na umemhamishia kwako, lakini mchango wa chama usichelewe. Majani yameondolewa, matofali ni yale yale. Halafu ukiketi dakika kumi, kuna sauti inasema wewe ni mvivu. Dada yangu, jua sauti hiyo inatoka wapi. Hiyo ni sauti ya Farao. Na ikisemwa kutoka madhabahuni, bado ni ya Farao, hata kama aliyeisema amevaa kola.

Sasa najua mtu tayari anaandika, "Pasta, na Mithali 31 je?" Twende huko.

Kwanza, angalia sura inavyoanza. Ni maneno ya mfalme Lemueli, mausia aliyofundishwa na mama yake. Mama anamfundisha mwanawe wa kiume. Nasi tumeichukua tukaifanya fimbo ya kuwachapa mabinti. Lini mara ya mwisho ulisikia Mithali 31 ikihubiriwa kwenye mkutano wa wanaume, wafundishwe kumsifu mke langoni na kumpa sehemu ya matunda ya mikono yake, kama mistari ya mwisho inavyoagiza?

Pili, kuanzia mstari wa 10 ni shairi. Mistari 22, kila mmoja unaanza na herufi yake ya Kiebrania, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Ni picha ya maisha mazima ya mwanamke mwenye hekima, imepangwa kwa herufi. Haikuandikwa kama ratiba ya Jumatatu. Ukimtaka dada mmoja afanye yote 22 kwa siku moja, hujasoma shairi, umeandika hukumu.

Tatu, soma mstari wa 15 mpaka mwisho. Huyo mwanamke anayeamka usiku ana wajakazi. Anawagawia kazi. Mama mboga wetu mjakazi wake ni nani?

Na huo uvivu ambao haumo nyumbani kwake, mimi nauamini. Uvivu ni dhambi, na sitalainisha hilo. Ila lazima tujue uvivu ni nini, maana tukikosea hapo tutamkemea mtu mwenye haki na kumpigia makofi mkosaji.

Ninyi wengi ni watoto wa wakulima, kwa hiyo nitawapeleka shambani. Katika Mithali 24 mtu mwenye hekima anapita kando ya shamba la mvivu. Miiba imeota kila mahali, magugu yamefunika udongo, ukuta wa mawe umebomoka. Katika Walawi 25 Mungu anaamuru kila mwaka wa saba shamba lisipandwe, lipumzike. Sasa wewe ukipita barabarani, mashamba yote mawili hayana mahindi. Kwa macho ya mpita njia yanafanana. Lakini moja limeachwa, jingine limepumzishwa. La kwanza mwenyewe amelisahau na ukuta wake umeanguka. La pili mwenyewe analijua, amelipanga, amelihesabia mwaka, na udongo wake unarudisha nguvu za kuzaa tena. Ndiyo maana ni hatari kuhukumu shamba la mtu ukiwa ndani ya matatu.

Basi ukitaka kujua kama umelala kwa uvivu au umepumzika, jiulize mambo matatu.

Moja, je, niliamua? Pumziko lina mwanzo na mwisho. Unaliweka, unalilinda, unatoka ndani yake. Uvivu hauamuliwi, unakukuta. Ulisema dakika tano za simu, ukashtuka ni saa nane usiku, umeangalia video za watu usiowajua, na asubuhi umechoka kuliko ulivyolala. Hilo usiliite pumziko. Simu imekula usingizi ambao Zaburi 127 inasema Mungu huwapa wapenzi wake.

Mbili, je, ni nani anayeumia nikiketi? Ezekieli 16:49 inataja dhambi ya Sodoma: kiburi, shibe, raha ya kustarehe, na mkono ambao haukumsaidia maskini. Starehe inayoshiba huku jirani ana njaa ni uvivu, hata ikifanyika kwenye hoteli nzuri na ikaitwa kujipenda. Paulo katika 1 Timotheo 5:13 anawaonya wajane vijana wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakibeba maneno ya watu. Angalia vizuri, hao hawakuwa wamekaa. Walikuwa wanatembea sana! Mtu anaweza kuwa na shughuli mchana kutwa na bado akawa mvivu, kwa sababu kazi aliyopewa ameiacha na ya wengine ndiyo anayoifuatilia.

Tatu, je, nikiinuka niko karibu na Mungu na kazi yangu, au mbali? Eliya katika 1 Wafalme 19 alilala chini ya mti akiomba kufa. Malaika alipokuja hakumletea ratiba ya maombi. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo akasafiri siku 40 mpaka Horebu na kuisikia sauti ya Mungu. Kwa Eliya usingizi ulitangulia, na sauti ikafuata.

Kwa hiyo nawaambia na akina dada wanaofundishwa mtandaoni kwamba maisha ni kustarehe tu na anayefanya kazi kwa bidii hajipendi: msidanganywe. Aliyeagiza siku ya saba ndiye aliyeagiza sita za kazi. Lakini nitasema kweli. Kwa kila dada mmoja ninayemjua aliye mvivu kanisani kwetu, nawajua ishirini waliochoka. Na mahubiri yetu yamekuwa yakimtafuta huyo mmoja kwa kuwapiga wale ishirini.

Si maneno yangu tu. Mwaka 2021 Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, lilichunguza jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao. Lilikuta kwamba katika kazi za nyumbani na za kulea, zile zisizo na mshahara, mwanamke hutumia karibu mara tano ya muda anaotumia mwanaume. Ndugu yangu uliyeokoka, mara tano! Halafu jioni unauliza, "Kwani umekuwa ukifanya nini siku nzima?"

Sasa nifike kwenye kiini cha neno hili. Kama utasahau mengine yote, shika hili.

Amri ya nne, katika Kutoka 20 na tena Kumbukumbu la Torati 5, inasemwa kwa nani? Inasemwa kwa mwenye nyumba. Inaorodhesha mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni aliye ndani ya malango. Mungu hakumwambia mjakazi, "Tafuta pumziko lako mwenyewe ukiweza." Alimwambia mwenye mamlaka juu ya saa za mjakazi: yeye apumzike kama wewe. Na katika Kumbukumbu la Torati sababu inatolewa wazi. Ni kwa kuwa ulikuwa mtumwa Misri. Wewe unayejua matofali yalivyokuwa mazito, usiwe Farao wa mtu.

Mtu ataniuliza, mbona mke hakutajwa kwenye orodha? Waalimu wengi wa Neno wanaelewa kwamba yumo ndani ya lile "wewe". Yeye na mume ndio wanaoamriwa pamoja, kwa sababu nyumba ni ya wote wawili. Nyumbani mwako, je, mke wako yuko kwenye "wewe", au umemshusha mpaka orodha ya ng'ombe na punda?

Tazama pia Kutoka 16, habari ya mana. Siku ya sita walikusanya mara mbili, na Musa akawaambia waoke na kutokosa siku hiyo hiyo, kingine kiwekwe mpaka kesho. Mungu alifikiria jikoni! Alijua kwamba kama chakula cha Sabato kingepikwa siku ya Sabato, kuna mtu mmoja katika kila hema asingekuwa na Sabato. Na mnajua ni nani. Hata katika Mwanzo, mwanamume na mwanamke waliumbwa siku ya sita, na siku ya saba Mungu akapumzika. Siku ya kwanza kamili ya Hawa duniani ilikuwa siku ya pumziko. Haikuwa zamu yake ya kupika.

Kwa hiyo pumziko la mama si kitu anachokiiba. Ni deni tunalodaiwa sisi tulioshika saa zake. Na hapa nazungumza na watu wanne.

Wa kwanza ni mimi na wachungaji wenzangu. Tunahubiri Mariamu saa tano, na saa saba tunadai Martha. Luka 10 tunaipenda sana. Tunawaambia akina mama wachague fungu jema, waketi miguuni pa Yesu. Wanakubali, wanalia, wanaandika kwenye daftari. Kisha ibada ikiisha tunauliza mbona chakula cha mgeni hakijawa tayari. Nusu ya akina mama hawakusikia mahubiri ya Mariamu kwa sababu walikuwa nyuma ya kanisa wanapepea jiko! Kesha la Ijumaa, usafi Jumamosi, ibada mbili Jumapili, maombi ya akina mama Jumatano, na ugeni wa askofu katikati. Kisha tunamwita asiyefika "baridi". Yesu katika Marko 6:31 aliwaona wanafunzi wake hawana hata nafasi ya kula, watu wanaingia na kutoka, akawaambia waje kando wapumzike kidogo. Yeye aliwaona. Sisi tumetazama hudhurio tu.

Wa pili ni waume. Mke wako akilala alasiri, usipite ukigonga milango ili ajue umemwona. Chukua mtoto. Osha sufuria. Nilikuwa nasema kazi ya jikoni itanivunjia heshima, mpaka siku nilipojiuliza Yesu wa Yohana 13 alivunjiwa nini alipojifunga kitambaa akaosha miguu.

Wa tatu ni wewe dada mwenye uwezo. Hili litauma, lakini nalisema kwa upendo. Mwezi uliopita akina mama wetu walikwenda siku mbili za maombi na mapumziko nje ya mji. Vizuri sana. Lakini aliyebaki na watoto ni nani? Ni msichana wa kazi, ambaye hakupata Jumapili hiyo, wala iliyotangulia. Huwezi kupumzika kwa Bwana juu ya mgongo wa msichana asiye na siku. Yule ndiye mjakazi wa Kumbukumbu la Torati 5, anaishi chumba cha nyuma kwako, na Mungu anamhesabia siku zake. Hata sheria ya nchi inakuhukumu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Aibu iliyoje, Bunge kumkumbuka mjakazi kuliko mama mwombaji!

Wa nne ni wewe mama uliyechoka mwenyewe. Najua unachotaka kuniuliza, maana yule mama aliniuliza siku ile ile. "Pasta, nikifunga kibanda, watoto watakula nini?" Sikuwa na jibu la haraka, na sitakudanganya kwamba ninalo sasa. Sitakuambia ufunge kibanda kwa imani halafu mimi niende nyumbani kula. Lakini nakuambia usiamini kwamba dunia imeshikiliwa na mikono yako. Katika Marko 4 mashua inajaa maji na Yesu amelala juu ya mto. Hakuwa mzembe. Alimjua Baba yake. Kulala ni kukiri kwamba wewe si Mungu. Anza na kidogo. Jioni moja kwa juma, saa mbili za alasiri, simu imezimwa, mlango umefungwa, na mtu mwingine apike. Uzitaje hizo saa mbele za Mungu, ziwe zake. Na ukisikia hatia, usiombe toba kwa jambo ambalo Mungu mwenyewe aliamuru.

Nasi kanisa tusimwache peke yake. Maneno bila tendo ni upepo, kwa hiyo wazee wameketi na haya ndiyo tuliyokubaliana, kuanzia mwezi ujao.

Kesha litakuwa moja kwa mwezi. Anayeweza kuombea nyumbani na alale, aombee nyumbani na alale.

Chai ya Jumapili itapikwa na wanaume, zamu kwa zamu, na jina la kwanza kwenye orodha ni langu. Mandazi yakiungua, vumilieni.

Usafi wa kanisa utagawanywa kwa familia, si kwa akina mama.

Mama aliyejifungua, anayeuguza au aliyefiwa hatapangiwa zamu yoyote kwa miezi mitatu. Akitaka kuhudumu atasema mwenyewe.

Na kutakuwa na mfuko mdogo. Kila mwezi tutachagua mama wawili wanaoishi kwa kibanda au kibarua, tuwalipie faida ya siku moja ili wakae nyumbani. Hiyo ndiyo mana ya siku ya sita. Mungu aliishusha kutoka mbinguni, sisi tutaitoa mfukoni.

Mzee mmoja aliniambia, "Pasta, ukiwalegezea hivi, kanisa litaporomoka." Nikamjibu kwamba kama kanisa limejengwa juu ya uchovu wa akina mama, liporomoke, tulijenge tena juu ya Kristo.

Nimalizie na mama mmoja wa Luka 13. Alikuwa amepinda mgongo miaka 18, hawezi kujinyosha. Alikuja sinagogi hivyo hivyo, Sabato baada ya Sabato, na sidhani kuna aliyeshangaa tena. Watu huzoea mgongo wa mama uliopinda. Yesu alimwona, akamwita, akamfungua siku ya Sabato. Aliyekasirika ni mkuu wa sinagogi. Kiongozi wa dini! Yesu akamwuliza, ninyi humfungua ng'ombe na punda mkampeleka kunywa maji, na huyu binti wa Ibrahimu asifunguliwe?

Mimi nimekuwa yule mkuu wa sinagogi. Sitaki kufa hivyo.

Yule mama amerudi kanisani. Anaketi safu ile ile, upande wa dirisha. Jumapili iliyopita alisinzia tena kidogo katikati ya mahubiri. Nilipunguza sauti, nikaendelea.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, mbariki kila mama anayesoma haya akiwa amesimama. Mpe mahali pa kuketi. Vunja sauti ya Farao ndani ya kichwa chake. Waume zetu, wazee wetu na sisi wachungaji, tupe macho ya kuona mgongo uliopinda na mikono ya kuubebea mzigo. Na dada zetu wanaolala vyumba vya nyuma katika nyumba zetu, wape siku yao. Amina.

Kama una dada, mama au jirani aliyechoka, mtumie neno hili. Lakini kabla hujamtumia, mpigie umuulize, "Nikupikie leo?"

Mchungaji wenu katika shamba la Bwana. Shalom.